Kibali cha Kulia

Dada yangu alianza kucheka wiki ile ile lori la baba liliporudi bila baba.

Lori lenyewe lilirudi zima. Lilikuwa na mafuta, lilikuwa na majora yote ya kitambaa yaliyokuwa yashushwe Mbale, na kwenye kiti cha dereva ilikuwapo kofia yake ya kushona kwa mkono, kazi ya mama. Aliyelirudisha ni dereva mwenzake wa kiwandani. Alilikuta limeegeshwa vizuri kando ya barabara karibu na Busiu, hatua chache baada ya kizuizi cha askari. Akamkabidhi mama kofia, akatazama chini, akasema, "Labda amesafiri." Miaka ile ya utawala wa jeshi ndivyo ilivyosemwa. Watu walisafiri sana, tena bila mizigo.

Mama alituita chumbani, mimi na dada, akafunga dirisha, akatuambia kwamba katika nyumba hii hakuna kulia. Pale Walukuba nyumba za wafanyakazi zilishikana kiasi kwamba jirani akikohoa unajua amelalia ubavu gani. Ukisikika unalia, ina maana kuna maiti. Kukiwa na maiti, kuna aliyeua, na ukishafika hapo wewe tayari ni adui wa serikali. Kwa hiyo hakukuwa na matanga, hakukuwa na khitma, na mama hakukaa eda. Eda ni ya mjane, na yeye hakuna aliyemwambia kama ni mjane au ni mke wa mtu aliyesafiri. Alivaa nguo zake za kila siku, akaenda sokoni, akaitikia salamu za watu. Nilimchukia kwa hilo. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua kuchukia vizuri kuliko nilivyojua kitu kingine chochote, isipokuwa kuandika kwa hati safi.

Mimi nililia kwenye mto, kimya, kila siku, na kazi ikaisha. Dada alikuwa na miaka kumi na saba na hakuweza. Kilichomtoka kilikuwa kicheko. Kilianza taratibu kama birika linapokaribia kuchemka, halafu hakizuiliki. Alicheka kwenye foleni ya sukari tulipotangaziwa kwamba sukari imekwisha. Alicheka kwenye maulidi, shehe akiwa katikati ya dua, na kina mama wakamkanyaga miguu kumnyamazisha, akazidi. Mwenyewe alikuwa akitokwa na jasho kwa hofu, macho yamemtoka, na bado anacheka.

Halafu ikaja siku ya askari. Tulikuwa tunarudi kutoka Mafubira kwa shangazi, mama, mimi na yeye, askari akamsimamisha na kumuuliza anatoka wapi. Swali jepesi. Dada akafungua kinywa kujibu, kikatoka kicheko. Yule askari akamkalisha juani kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri ili kicheko kikauke. Hakikukauka. Mwisho alimwachia kwa kuchoka kumsikiliza, akamwambia mama, "Siku ingine hapana kuwa mimi. Itakuwa mwingine, na huyo mwingine hana subira." Mama alimshika dada mkono mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo alikuwa na shughuli moja tu duniani: kicheko cha binti yake kipate pa kwenda kabla hakijamuua.

Ndipo akatupeleka kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama wa Kisoga, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliwahi kuwa ofisa wa maendeleo ya jamii. Ofisi yake ilikuwa imesahauliwa na waliomwajiri, lakini hakuna aliyekuja kumnyang'anya funguo za ukumbi, basi yeye akaendelea kwenda kazini. Kila Jumamosi alikusanya vijana wa Walukuba, wapatao ishirini na kitu, akawafundisha ngoma na mchezo wa kuigiza. Nusu yetu tulikuwa na baba, au kaka, au mjomba aliyesafiri. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

"Tukiria barabarani, tunakamatwa," alituambia siku ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, na herufi l na r kwake zilikuwa mtu mmoja. "Tukiria kwenye mchezo, ni mchezo. Nani atakamata mtu kwa sababu ya ng'ombe?"

Maana mchezo wetu ulikuwa wa ng'ombe. Familia ina ng'ombe, ng'ombe anaumwa, ng'ombe anakufa, familia inalia. Hadithi ilikwisha hapo. Ng'ombe mwenyewe alikuwa magunia mawili ya kahawa yaliyoshonwa pamoja, kichwa cha boksi, pembe za miiko ya kusongea, na ndani yake vijana wawili, mmoja miguu ya mbele, mmoja ya nyuma. Alikufa kila Jumamosi saa tisa. Mwalimu akisema neno lake, "Kuria!", sote tunalia, kila mtu kwa sauti yake na kwa sababu yake, na yeye anapita katikati yetu akitushika mabega. Mimi, niseme ukweli, niling'aa. Nililia mpaka wengine wakaacha kulia wanitazame. Dada alikaa kwenye benchi la mwisho, anamtazama ng'ombe, anacheka.

Ratiba Mwalimu aliiandika ubaoni: Saa nane, Ngoma. Saa tisa, Kuria. Saa kumi, Chai. Chai haikuwa na sukari, lakini hilo halikuniumiza kama ile r. Kwetu Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na mimi nilikuwa na kiburi nacho. Nikainuka, nikaifuta r kwa kidole, nikaandika l. Mwalimu hakukasirika. Alisema kwa kuwa najua sana, basi kuanzia leo mimi ndiye karani. Kwa hiyo yote yaliyofuata ni kosa langu, na sijawahi kumwomba mtu radhi.

Wakati ule mkusanyiko wowote ulihitaji kibali kutoka kambi ya jeshi. Niliandika barua kwa hati yangu safi, kwamba Kikundi cha Vijana cha Ngoma na Kulia, Walukuba, kinaomba ruhusa ya kufanya ngoma na kulia kila Jumamosi. Baada ya wiki mbili ikarudi na muhuri mwekundu. Chini ya muhuri mtu alikuwa ameandika:

"Ngoma na kulia, ruhusa. Kushoto hapana ruhusa mpaka kibali ingine. Sajini atakuja kuangalia."

Tuliisoma mara tatu. Mwalimu aliigeuza karatasi aone kama nyuma kuna maelezo. Aliyetufumbua macho ni kijana wa miguu ya mbele ya ng'ombe, aliyekuwa akiishi karibu na kambi na kuona gwaride kila asubuhi. Alisimama katikati ya ukumbi, akabana mikono mapajani, akapiga kelele, "Kulia... geuka!" Akageuka upande wa kulia.

Tukaelewa. Ngoma na kulia: huko kambini walidhani sisi ni vijana wazalendo tunaojifunza gwaride kwa bendi, na kwa unyenyekevu tumeomba kuanza na upande mmoja. Mwalimu alikaa chini akajipepea kwa kibali. "Basi," akasema, "na kugeuka tutageuka."

Sajini alikuja Jumamosi iliyofuata na kiti chake mwenyewe cha kukunja. Alikuwa mrefu, wa makamo, mwenye fimbo kwapani na macho yasiyoonyesha anawaza nini. Majirani walifunga madirisha njia nzima. Alitupanga mistari miwili, akarudi nyuma, akavuta pumzi.

"Kuliaaaa..."

Sasa, sisi tulikuwa tumezoeshwa wiki nyingi. Neno hilo likitamkwa, tunaanza. Hatukukusudia. Ukumbi mzima ukaangua kilio, na mimi mbele kabisa. Sajini alishtuka mpaka fimbo ikamdondoka.

"Mimi hapana piga mutu!" akamwambia Mwalimu. "Umeona wewe mwenyewe! Mimi hapana piga mutu!"

"Hapana, Afande," alisema Mwalimu. "Ndivyo warivyofundishwa. Kwanza kuria, harafu kugeuka."

Sajini alifikiri. Jeshini lazima alikuwa ameona amri za ajabu zaidi ya hiyo. Akatoa daftari, akaandika. Kisha akamalizia, "Geuka!" na sisi tukageuka kulia huku kamasi zinatutoka, na hapo hapo, kutoka benchi la mwisho, dada akaanza.

Ukumbi ukanyamaza. Sajini alitembea polepole mpaka mbele ya benchi, akamwinamia.

"Hii mutoto nacheka nini?"

Mwalimu hakusita hata kidogo. Mpaka leo sijui alilitoa wapi jibu lile. "Huyo ni wa kushoto, Afande," akasema. "Kibari chake bado hakijatoka."

Sajini aliangalia kibali. Akaangalia dada. Akaangalia kibali tena. "Kweli," akasema. "Kushoto hapana ruhusa. Yeye akae."

Akakaa. Ikawa ndicho cheo chake. Jumamosi hadi Jumamosi sisi tulilia na kugeuka, na dada alikuwa wa kushoto, anacheka kihalali akisubiri kibali kutoka kambini. Upande wa kushoto tukauacha kabisa, kwa kuogopa. Choo kilikuwa kushoto mwa mlango, na kila aliyebanwa alitoka, akageuka kulia mara tatu, akaenda. Sajini alilisifu jambo hilo. Alianza pia kumpenda ng'ombe. Alimrekebisha mwendo, akamwambia, "Miguu ya nyuma, sawa!" na saa ya kufa alivua kofia yake ya jeshi na kuiweka gotini. Nililiona hilo, nikalipuuza. Nilidhani ana joto.

Kisha akaleta habari ambayo kwake ilikuwa zawadi. Kikundi kimeteuliwa kwenda Mbale kuonyesha mbele ya mkubwa wa jeshi, siku ya sherehe. Majina yote ishirini na manne yameandikwa, na yote ishirini na manne lazima yapande lori la jeshi. Jina la dada lilikuwamo. Mama alikwenda kumsihi Mwalimu amfiche. Mwalimu akasema jina likishaandikwa kule, kulifuta ni kuuliza maswali. Akakaa akawaza, halafu akasema, "Tutamtia ndani ya ng'ombe. Gunia ni zito."

Hivyo kijana wa miguu ya nyuma akashushwa cheo akawa mwombolezaji wa kawaida, akanuna, na dada akawa matako ya ng'ombe. Asubuhi ya safari mama alifungua sanduku, akatoa kofia ya baba, akampa. "Kikija, ziba mdomo na hii," alimwambia. "Uing'ate mpaka ichanike. Nitashona nyingine."

Sajini alipanda nyuma ya lori pamoja nasi. Tulipita Tororo salama. Tulipoanza kukaribia Busiu nikaanza kuangalia kila mti. Nilitaka alama. Kulikuwa na mahindi, migomba, mama mmoja anauza ndizi mbivu kwenye beseni. Hapakuwa na alama yoyote. Lori likapunguza mwendo kwenye kizuizi, na pembeni yangu dada akaanza. Alikuwa ameitia kofia mdomoni, lakini kilikuwa kinapita. Askari wa kizuizini akageuza kichwa.

"Ngoma!" Sajini alipiga kelele ghafla. "Nyinyi nalala? Piga ngoma!"

Tukapiga. Tulipiga kwa mikono, kwa viatu, kwa kila kitu, na tukavuka kile kizuizi kwa kelele zisizo na maana yoyote, askari wanatupungia mkono. Sajini aliangalia mbele muda wote.

Mbale, mkubwa wa jeshi alikuwa amekaa uwanjani juu ya kochi. Walilitoa nyumbani kwa mtu, bado lina nailoni yake, wakaliweka kwenye majani, na kila alipojisogeza lilitoa mlio. Alikuwa anakula hindi la kuchemsha. Nyuma yake walisimama askari, na kuzunguka uwanja wote walisimama wananchi waliokusanywa kutoka sokoni kuja kufurahi.

Tulianza vizuri. Ng'ombe aliumwa. Ng'ombe alianguka, akanyoosha miguu, akafa. Sajini alisimama pembeni, akavuta pumzi.

"Kuliaaaa..."

Tukalia. Na yule maiti akaanza kutikisika. Kwanza kidogo, matakoni tu. Halafu sauti ikatoka ndani ya gunia, uwanja mzima ukaisikia, na sisi waombolezaji tukaacha kulia mmoja mmoja, mpaka akabaki ng'ombe peke yake, amekufa, anacheka.

Mkubwa aliacha kutafuna. "Sajini," akasema. "Hii ng'ombe nakufa ama hapana kufa?"

"Nakufa, Afande."

"Sasa nacheka nani?"

Sikumbuki kitu kingine cha dakika ile isipokuwa chembe ya hindi iliyobaki kwenye kidevu chake. Nilikuwa najua kwamba nitarudi nyumbani bila dada na nitampa mama kofia ile ile kwa mara ya pili.

"Ng'ombe!" Sajini aliamuru. "Simama! Kulia... geuka!"

Miguu ya mbele ikasimama na kugeuka kulia, kijeshi. Ya nyuma haikugeuka. Mshono ukaachia kuanzia mgongoni hadi tumboni, na dada akabaki amesimama peke yake kwenye jua, gunia miguuni, kofia mdomoni, mabega yanarukaruka. Sajini akamwendea. Nilikuwa karibu, karibu kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiyo sababu nilisikia. Aliinama kama siku ile ya kwanza. Aliitazama kofia. Halafu alisema polepole, kwa Kiswahili kisicho na kambi ndani yake:

"Lia, binti yangu. Lia."

Nimekaa na neno hilo maisha yangu yote. Kwenye gwaride hakuna "lia". Ukimwambia askari "lia" hageuki popote, maana "lia" haina kulia wala kushoto, ina maana moja tu. Yule mtu alijua. Alijua tangu fimbo ilipomdondoka.

Dada alitoa kofia mdomoni akalia. Alilia kwa sauti nene ya mtu mzima ambayo sikuwahi kuisikia, akaita, "Baba! Baba! Baba yangu!"

Kochi lilitoa mlio. "Baba gani?" aliuliza mkubwa.

Sajini alijinyoosha. "Jina ya ng'ombe, Afande. Hii ng'ombe naitwa Baba."

Mkubwa akawaza juu ya hilo. Wakati anawaza, mama mmoja kwenye umati akaanza kulia. Kisha mwingine. Kisha upande wote wa sokoni, wanaume kwa wanawake, watu wazima na vikapu vyao vichwani, wakawa wanamlilia ng'ombe wa magunia, na askari wakatazamana, hawajui wamkamate nani, maana kibali kilikuwapo na kilisema kulia. Mkubwa mwenyewe alifuta macho kwa kiganja chenye hindi.

"Ng'ombe muzuri," akasema. "Ng'ombe kama hii hapana tupa. Zika."

Amri ni amri. Askari wanne walichimba nyuma ya goli, kimo cha mtu. Dada aliikunja kofia, akaitia ndani ya gunia, na Sajini akamwona na akageuka kuangalia mwamba wa Wanale juu ya mji mpaka alipomaliza. Walipotaka kumtupa tu ng'ombe shimoni, Sajini aliwazuia. Aliingia yeye mwenyewe, na viatu vyake vilivyong'aa, akampokea, akamlaza taratibu, akamtengenezea udongo kidogo mgongoni asigeuke.

"Ubavu ya kulia," aliwaambia.

"Kwa nini, Afande?" aliuliza askari mmoja.

"Kushoto hapana kibali."

Wakafukia. Wakapiga saluti, wote, hata mkubwa, aliyesimama kutoka kwenye kochi kwa ajili hiyo.

Tulifika Walukuba siku ya pili, mchana. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alimshika dada uso kwa mikono miwili, akayaona macho yake yalivyovimba. Aliuliza, "Kofia iko wapi?"

"Tumeizika, mama," alisema dada. "Mbale. Askari walipiga saluti."

Mama akaingia ndani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Safari hii dirisha hakulifunga. Jirani alikuwa anatwanga kitu, na kila pigo tulilisikia.

"Mlimlaza ubavu gani?" aliuliza mama.

Nilitaka kumrekebisha. Kofia ni mliilaza, si mlimlaza, na ulimi ulikuwa tayari. Dada alinishika mkono.

"Wa kulia, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kesho yake alinituma kwa shangazi Mafubira nikaazime kanga nyeupe, na ilipofika akaivaa, akaanza kukaa eda.